Shemizi Nyeupe ya Kabini Quatorze

Goma, Mabanga, tarehe 2 ya mwezi wa saba 2024

Kwako binti yangu Rosette,

Nakusalimia sana, wewe na bwana yako na ule mutoto mupya. Mimi baba yako Niyibizi niko muzima kabisa, hata kikohozi kinaniogopa. Usinilaumu juu ya telefone. Ile kitu naisema nayo kwa nguvu sababu masikio yangu yamechoka, na mama Nyiransengimana wa nyuma ya ukuta anasikia yote, kisha yeye njo ananijibu mbele yako. Barua haipigi kelele. Hii nimepatia mutu wa bato ya mizigo, itakufikia.

Sikuandikii habari ya mama yako. Lakini akiuliza, mwambie nyumba iko safi, chakula kiko, na nguo zangu zote ni nyeupe kama maziwa ya Masisi. Mama Nyiransengimana akileta habari ingine, ni wivu.

Umeniuliza ile siku ya mwezi wa kwanza ilikuwa namna gani. Nitakuambia, usije ukadanganywa. Mama yako alikuwa anafula. Vumbi ya volkano ikaanguka juu ya nguo alizoanika ku mawe. Akaanza kufula mara ya pili, na analalamikia mugongo. Mimi nikasema neno moja tu, la mutu muzima: «Kufula ni kazi gani? Mimi miaka yangu ya ku bato nilijifuliaka mwenyewe, na mawimbi yanapiga.» Basi. Akasimama, akaniwekea baseni mbele ya miguu, akasema: «Baharia, fula.» Akapanda basi ya Bukavu, ati anakuja kukusaidia na uzazi. Sasa mutoto anaikala mwenyewe, ana meno mawili. Bado anasaidia nini?

Mimi simuiti. Niyibizi hana desturi ya kuita mwanamuke. Lakini akirudi, mulango hauna funguo.

Mimi baba yako, niliyejua ziwa hili mbele uzaliwe,
Niyibizi


Bukavu, tarehe 7 Julai 2024

Papa yangu mupenzi,

Barua yako nilimusomea mama. Kufika ku maziwa ya Masisi alicheka mpaka akaweka mutoto chini.

Papa, wewe unajua desturi yetu kunipita. Mwanamuke akiondoka kwa hasira na kwenda kwao, harudi peke yake kama mbuzi aliyekata kamba. Bwana anakuja kumuchukua, tunaita gucyura. Anakuja amevaa safi, na kibuyu cha kasiksi ya ndizi mukononi, na anasema mbele ya watu neno lililomuleta. Babu na bibi hawako tena, kwa hiyo nyumba yangu njo kwao. Mama anasema miezi sita ni mingi. Amepata fasi ya kushona ku soko ya Kadutu. Mwezi huu ukiisha bila mutu kuja, ataweka cherehani pale, na Mabanga mutamuona ku matanga tu. Sichezi, Papa. Cherehani ameshaichagua.

Barabara ya Minova, ile ya basi, imefungwa na vita tangu mwezi wa pili. Inabaki ziwa. Lakini kwako ziwa ni kitu gani?

Na nina habari nzuri. Ile bato mupya ya matembezi, Tulizo, ambayo natumikia ku bureau yake hapa, inapatia kila mutumishi fasi moja ya muzazi. Inatoka Goma ijumaa, inalala Idjwi, inafika Bukavu jumamosi asubuhi. Kurudi ni kesho yake, siku ya yenga. Najua unajua bato za mizigo, lakini ku hii ni mara yako ya kwanza, basi nakuelezea namna tunaelezeaka wageni wote.

Makabini ni ya namna tatu. Ya chini hayana dirisha. Ni kimya, ni baridi, lakini ukiamka hujui kama kumekucha. Ya katikati yako na dirisha la muviringo lisilofunguka, mayi yanapita karibu na uso wako. Ya juu yako na mulango wa kioo na balkoni. Kutoka Goma, ukichukua upande wa kuume unaona milima ya Kalehe. Upande wa kushoto unaona Idjwi, wavuvi, na ukigeuka, volkano zetu nyuma.

Nguo: mu kila kabini kuna mufuko wa kitambaa na karatasi. Unaandika vitu vyako, unaweka mufuko inje ya mulango, Cédrick wa kufulia anauchukua, na kesho yake magaribi unapata nguo zimepigwa pasi. Mwenye haraka ashuke chini, kuna mashini mbili za wageni za kufulia. Vitu vidogo, kuna kamba mu bafu. Tunakataza kitu kimoja tu: kuanika inje ku balkoni. Hapo commandant wa bato hana muchezo.

Niambie unataka kabini gani.

Binti yako,
Rosette

Mama anasema niongeze: «Muulize baharia kama fagio langu lingali na meno.»


Goma, tarehe 11 ya mwezi wa saba

Rosette mwanangu,

Nimesoma. Weka mimi ku kabini ya chini, isiyo na dirisha. Usifikiri ni kwa unyenyekevu. Mutu anayejua mayi, ayaangalie ya nini tena? Mupishi anaikalaka kuangalia chungu usiku muzima? Dirisha ni ya wageni, ya wazungu wa Himbi na wale wanaopiga picha. Mimi ziwa nimelimaliza.

Nauliza tu. Hiyo ya chini iko mbali gani na mulango wa kutokea? Ni juu ya hewa. Na yale makoti ya rangi ya machungwa, kila mutu na lake, ao wanagawana? Si juu yangu. Ni juu ya abiria wengine, nisije nikawaokoa wote peke yangu.

Habari ya mufuko, sahau. Ule Cédrick simujui ukoo. Mutu gani anapatia kijana wa watu kaleso yake, nguo ya ndani, na karatasi juu, imeandikwa jina? Nitabeba sabuni yangu.

Na nilifikiri kitu kingine usiku. Desturi ni mama yetu, na mama anapindaka kidogo kwa mutoto wake. Mama yako anaweza kupanda bato huko, na mimi nikamungoja hapa ku porti na ngoma, na kasiksi, na watu wa Mabanga wote. Itakuwa heshima kubwa kupita. Mwambie.

Fagio lina meno yote.

Niyibizi, baba yako


Bukavu, tarehe 15 Julai 2024

Papa,

Nilimwambia. Alinipokonya kalamu, kisha akanirudishia sababu ya hasira, akasema: «Andika vile ninavyosema.» Ni haya:

«Niyibizi. Miaka makumi ine na ine unanihadithia namna ulisimamaka mbele ya bato, mikono mugongoni, upepo ku shemizi, abiria wanalia na wewe unawacheka. Sijakuona hata siku moja. Tarehe 27 nitasimama ku porti ya Bukavu, nimevaa kitenge cha manjano. Bato ikiingia, nikuone umesimama inje ku balkoni, na ile shemizi nyeupe, shati uliyovaa ku ndoa ya Rosette. Nikikuona, siku ya yenga napanda na wewe turudi wote. Nisipokuona, kunywa kasiksi yako na bwana ya Rosette, mimi naenda Kadutu.»

Papa, nilijaribu kumupunguza, amekataa. Kwa hiyo nimekuandikia kabini quatorze, namba kumi na ine, ya juu, yenye balkoni, upande wa kushoto. Njo inaangalia porti tukiingia. Makoti ya machungwa ya kuelea ni moja kwa kila mutu, yako chini ya kitanda.

Kuja. Mutoto hajakuona.

Rosette


Ku bato, kabini quatorze, ijumaa tarehe 26, magaribi

Rosette,

Barua hii nitapatia Cédrick, akufikishie mbele mimi nishuke, ili usikie ukweli mbele ya kusikia watu.

Mabanga yote ilinisindikiza. Niliwaambia binti yangu njo anaamuru bato, usinikosoe. Mama Nyiransengimana alilia. Nilipanda ule ubao bila kushikwa. Ni kweli watu wawili walikuwa wananishika, lakini ni wao walitaka.

Kabini ni nzuri. Ziwa niliiangalia mara moja, ni ile ile. Nimevuta rido mbele ya kioo juu ya jua. Kitanda ni laini sana, si ya mwanaume, kwa hiyo nimeikala chini, mugongo ku mulango wa kutokea. Koti ya machungwa nimeivaa juu ya baridi. Walikuja kuniita tuone Idjwi, ati jua linaingia nyuma ya milima na mayi yanakuwa kama shaba. Niliwaambia shaba nimeona nyingi.

Shida ni moja, ndogo. Nilikuwa nimetandika shemizi yangu juu ya kitanda ipumue. Wimbi moja la upuzi likapita, kibuyu kikalala, kasiksi ikaanza na kola ikashuka mpaka ku vifungo. Shemizi sasa ina rangi ya chai.

Nikamuita Cédrick. Ni kijana wa adabu, anasema «Papa» vizuri. Ananiambia mufuko ukichukuliwa sasa, shemizi inarudi kesho magaribi. Kesho magaribi mama yako yuko Kadutu! Akanipeleka chini ku mashini. Rosette, ile mashini nani aliitengeneza? Hata nguo wamezipatia dirisha ya muviringo. Unaziona zinazama, zinainuka, zinakuangalia, zinazama tena. Nilisimama pale kidogo tu. Nikamwambia Cédrick, asante mwanangu, shemizi hii haiingii mule.

Nitaifula mwenyewe. Kufula ni kazi gani?

Niyibizi


Ku bato, jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Rosette, fasi hii usimusomee mama yako.

Nimefula mara tatu. Mara ya kwanza nilifikiri nimemaliza, nikaiinua ku taa, kumbe nilisambaza tu. Mara ya pili sabuni ikaniingia mu jicho. Mara ya tatu nilisugua kola mpaka ngozi ya vidole ikatoka, na kola inaniangalia tu. Mugongo wangu! Sikujua mutu anaweza kuinama juu ya kitu kidogo hivi na akaumwa hivi. Na hii ni shemizi moja. Nilianza kuhesabu alizonifulia, na vumbi ya Mabanga, na mayi yenyewe anayachota mbali. Nikaacha kuhesabu.

Sasa kuanika. Kamba ya bafu haina upepo. Mawe hakuna. Ile karatasi yenu inakataza balkoni, lakini karatasi inaandikwaka juu ya wasiojua bato. Nilichukua fagio la bafu, nikafunga mikono ya shemizi ku muti wake. Nikaikala chini ndani ya kabini, nikafungua kioo kiasi cha mukono, nikasukuma fagio inje mpaka shemizi ikapita chuma cha balkoni, nikakanyaga mwisho wa muti na mugu. Macho yangu yalikuwa yamefungwa juu ya upepo. Sasa nasikia inapiga pa-pa-pa. Mbele ya Bukavu itakuwa imekauka. Kisha nitasimama vile mama yako anataka. Nitasimama. Kidogo.

Nasikia watu wanaimba ku mayi. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanarudi. Wamebadilisha njia, sauti inakuja huku. Nafikiri wamejua kama baharia wa zamani anapita, wanakuja kunisalimia. Ni wengi. Wanapiga kelele «Shemizi! Shemizi!» Ngoja kwanza, mutu anagonga mulango


Ku bato Tulizo, jumamosi tarehe 27 Julai
Rapport ya Cédrick, wa kufulia, kwa dada Rosette, ku bureau ya Bukavu

Dada, naandika hii upesi mbele commandant akuulize.

Saa moja na dakika kumi tulizungukwa na mitumbwi kumi na moja ya sambaza. Unajua sababu. Ku ziwa letu, kitambaa cheupe ku muti, kikitoka ku bato, ni kusema «hapa tunanunua, leteni». Kila mutu aliyetumika ku bato anajua. Njo maana tunakataza kuanika. Sikufikiri Papa yako, baharia, atasahau kitu kama hicho.

Commandant alizima mashini ya bato. Wavuvi wanauliza: «Wewe wa shemizi, unataka baseni ngapi?» Sauti ya Papa inatoka nyuma ya rido: «Sitaki!» «Umetuita ya nini?» «Sikuita mutu!» Mumoja wao, muzee wa ndevu, akavuta shemizi na ndoana, akasema: «Basi shemizi inabaki, ilipe safari yetu.» Wakaanza kugeuza mitumbwi.

Hapo Papa akatoka. Nilikuwa mulangoni, niliona yote. Alitoka na magoti, dada. Hana shemizi, kifua wazi, koti ya machungwa juu. Akashika chuma na mikono miwili, macho yamefungwa, akainuka polepole kama mutu anayebeba gunia. Akafungua macho. Akaona mayi. Nilifikiri ataanguka. Akapiga kelele nafikiri hata Cyangugu, ng'ambo ya Rwanda, walisikia: «Muzee, rudisha! Shemizi hiyo ni ya kuchukua bibi yangu!»

Ule muzee akauliza: «Bibi yako yuko wapi?»

«Bukavu! Aliondoka tangu mwezi wa kwanza!»

«Ulimufanya nini?»

Papa akajibu, sauti chini, lakini mayi yalikuwa kimya, tulisikia: «Nilisema kufula si kazi.»

Dada, mitumbwi ile ilitaka kupinduka kwa kicheko. «Kumbe unaenda gucyura! Mbona hukusema mapema?» Wakafunga shemizi ku muti wao wa mbele, wakaanza wimbo, wakatutangulia mpaka porti. Commandant aliwasha mashini, akawafuata polepole, angefanya nini? Nilimwambia Papa aingie ndani. Akasema: «Nikiachilia chuma hii, sitaishika tena.» Akabaki amesimama saa nzima, kifua wazi, mpaka tukafunga kamba. Mama wa kitenge cha manjano unajua alivyofanya, ulikuwa pembeni yake.

Abiria walinunua sambaza zote na mupishi alizikaanga asubuhi. Hakuna aliyelalamika. Ku karatasi ya matukio kuna fasi ya «sababu». Niandike nini?

Cédrick


Goma, Mabanga, siku ya kwanza, tarehe 29 ya mwezi wa saba

Kwako Rosette,

Tumefika vizuri, mama yako yuko hapa, mutoto wako ni muzuri, ana paji la uso langu. Asante kwa kabini.

Nasikia ule kijana ameandika rapport. Sikiliza ukweli. Mimi niliwaita wale wavuvi kwa makusudi. Ni alama yetu ya zamani, sisi watu wa bato, nilitaka kuona kama vijana wa leo wangali wanaijua. Wanaijua. Nilifurahi. Habari ya kutoka na magoti, nilikuwa natafuta kifungo cha shemizi. Na mbele ya watu wako, na kibuyu kitupu mukononi, nilisema maneno mengi na mazuri ya gucyura, siwezi kuyaandika yote hapa, karatasi ni fupi.

Mabanga wananiita sasa «Commandant». Sikuwakataza.

Mama yako anataka kuandika chini yangu. Anaandika polepole sana, mimi naenda kuanika.

Baba yako,
Niyibizi

*

Mimi Nyirakamana, naandika na mukono wangu.

Maneno yake hayakuwa mengi. Ulikuwepo, ulisikia. Alisema: «Kufula ni kazi,» akaikala.

Nilijua, Rosette. Mwaka ule wa kuolewa niliuzishaka ndizi ku porti ya Goma. Nilimuonaka kila siku anabeba magunia mpaka ku ubao wa bato, anapatia mwingine, anarudi. Mugu wake haukuingia ndani hata mara moja. Lakini magaribi alinihadithia Bukavu asiyoifika, vizuri kupita wale waliotoka huko. Nilimupendea vile. Sikumwambia, na wewe usimwambie.

Utauliza basi kwa nini nilimusumbua na balkoni. Mwanangu, mimi nilikuja kwako na basi. Basi haiko tena. Na mimi mayi nayaogopa kumupita yeye. Hasira yangu iliisha mwezi wa tatu. Miezi yote iliyobaki nilikuwa naikala hapo kwako naangalia ziwa, sioni namna ya kurudi, na haya ya kusema. Nikawaza: ule, namujua, akiweza kusimama inje, na mimi nitaweza kuikala ndani.

Siku ya yenga commandant alituita tuone volkano. Tulikuwa chini, nyuma ya kitanda, rido imefungwa, kila mutu na koti yake. Alinishika mukono mpaka Goma, ananielezea kila kilima tunachopita. Alivikosea vyote.

Kola ingali na kasiksi. Nimeiacha hivyo. Cherehani, waambie wa Kadutu wapatie mwingine.

Na mwaka kesho tukija kuona mutoto, tafazali, utuandikie kabini ya chini. Ile isiyo na dirisha.

Mama yako